Samaki hafi, anakuwekea: Swali la mama wa omena lililonikosesha usingizi

Jioni moja nilikuwa nimesimama kwa kibanda cha mama anayetukaangia samaki hapa mtaani, nikingoja ngege wangu wa mia mbili aive. Redio ya jirani ilikuwa inaongea mambo ya kinu cha nyuklia. Mpango wa kwanza, kama mnakumbuka, ulikuwa kukijenga Uyombo kule Kilifi, kando ya bahari. Wenyeji wakakataa, wakaandamana mwaka wa 2024, na mwaka uliofuata macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sasa mama huyu kwao ni Rarieda. Ndugu yake anavua huko mpaka leo, na omena anaopima kwa gorogoro pale mbele ya kibanda wanatoka huko huko.

Akageuza samaki kwenye mafuta, akaniuliza bila hata kunitazama: "Wewe si ulisoma mambo ya sayansi? Hiyo kitu ikimwagika ziwani, samaki watakufa?"

Nilisoma, ndiyo. Mihula mitatu ya sayansi ya mazingira, kisha karo ikanishinda nikarudi mtaani kuandika vitu mtandaoni. Lakini kwa ploti yetu ukishaguswa na chuo, hata kidogo, wewe ni daktari, wakili na fundi wa simu. Nikajibu kwa kifua: "Watakufa wote, mathe. Hakuna atakayebaki."

"Basi afadhali," akasema. "Wakifa tutajua."

Nilibeba samaki wangu kwenye karatasi nikaenda, lakini yale maneno yalikataa kuniacha. Wakifa tutajua. Nikafungua simu kutafuta, nikasoma, nikaendelea kusoma, na kufikia saa nane usiku nilikuwa nishajua kwamba nilimdanganya mama wa watu. Hawafi. Katika visa vingi vilivyoandikwa, samaki waliobeba uchafu wa nyuklia waliendelea kuogelea, kunenepa na kuzaana kama kawaida. Hawabadilishi rangi. Hawanuki. Ukimkaanga, ladha ni ile ile.

Chukua bwawa la Chernobyl, Ukraine. Lilichimbwa kando ya mto Pripyat kwa ajili ya kupoza mitambo ya umeme, ukubwa wake kilomita mraba 22 hivi. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu namba nne kikalipuka, na sehemu ya kilichoruka angani ikatua majini humo. Miaka mingi baadaye watalii walikuwa wakisimama juu ya daraja, wanarusha mkate, na kambare wakubwa ajabu wanakuja juu kuudaka. Watu wakaanza kusema ati ni miale imewageuza mazimwi. Wapi! Kambare wa jamii ile hukua hivyo popote akiachwa azeeke, na pale hakuna mtu wa kumvua. Walikuwa na afya ya kutosha, na mwilini walikuwa na kitu ambacho hungetaka kwa sahani yako.

<b>Makanga na abiria bandia</b>

Ili kuelewa inavyokuwa, inabidi tuanze na njaa.

Samaki wa maji yasiyo na chumvi anaishi maisha ya kubana matumizi. Mwili wake una chumvichumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hivyo kila saa madini yanamvuja. Kazi yake ya kutwa ni kuyarudisha: anayanyaka kwa mashavu kutoka majini, anayapata kwa chakula, na akishayapata hayaachilii ovyo. Anahitaji potasiamu kwa ajili ya nyama yake, na kalsiamu kwa ajili ya mifupa na magamba.

Kama bado unakumbuka lile jedwali la elementi la Form Two, potasiamu ina ndugu katika safu yake, chini kidogo, anayeitwa sesiamu. Na kalsiamu ana ndugu yake chini yake, strontiamu. Wanafanana tabia. Na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu kinu cha nyuklia kinapopasua atomu za urani, miongoni mwa masalio ni sesiamu-137 na strontiamu-90. Zote mbili huchukua karibu miaka 30 ili nguvu yake ipungue nusu. Miaka mingine 30, nusu ya ile nusu. Mwili wa samaki hauna mashine ya kuchunguza. Unaona kitu kinachofanana na potasiamu, unakipeleka kwenye nyama. Unaona kitu kinachofanana na kalsiamu, unakijengea mfupa.

Hebu fikiria makanga wa matatu. Saa kumi na mbili jioni stejini kuna umati, anachagua abiria anaowataka, na yule jamaa mwenye sura ya kutiliwa shaka anaachwa nje. Lakini saa nne asubuhi, gari tupu, petroli inaungua, makanga atabeba yeyote atakayeinua mkono. Maji yenye potasiamu tele ni ile saa kumi na mbili: sesiamu haipati kiti. Maji maskini, yale mepesi, maangavu, yasiyo na madini, ni ile saa nne. Kila kinachopita kinapakiwa.

Kwa hivyo, na hapa ndipo nilipoketi kitandani wima, ziwa ambalo maji yake ni safi zaidi kwa macho ndilo linaloweza kutoa samaki wachafu zaidi.

Wasweden waliligundua hili kwa uchungu. Wao wako zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Chernobyl, lakini wingu lilisafiri, na mvua ikanyesha sehemu za kati za nchi yao, hasa pande za Gävle. Maziwa ya misitu ya kule ni yale ya kwenye kalenda, maji ambayo unaweza kuinama ukanywa. Lita moja mara nyingi ina miligramu moja tu ya potasiamu, au hata chini. Kikomo cha sesiamu-137 katika chakula cha kawaida kwao ni bekereli 300 kwa kilo. (Bekereli moja ni atomu moja kupasuka kila sekunde.) Kufikia 1987 wakalazimika kuweka kikomo cha pembeni kwa samaki wa maziwani, nyama ya porini na uyoga, bekereli 1,500, kwa hoja kwamba watu wengi hawali vitu hivyo kila siku. Hata baada ya kupandisha, mwaka huo maziwa yapatayo 14,000 yalikuwa na samaki waliopita kikomo hicho kipya. Elfu kumi na nne! Na maji yenyewe ukiyapima, karibu hakuna kitu.

<b>Kipimo cha maji hakikuambii</b>

Hilo la maji kupimwa na kuonekana salama ni hadithi ya zamani kuliko Chernobyl. Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walijenga vinu kando ya mto Columbia, mahali paitwapo Hanford, ili kutengeneza plutoniamu ya mabomu. Cha kwanza kiliwaka Septemba 1944. Vile vinu vya mwanzo vilipozwa kwa njia ambayo leo ukiisikia unashika kichwa: maji ya mto yalivutwa, yakapitishwa moja kwa moja katikati ya kinu, yakarudishwa mtoni. Yakiwa mle ndani, vijidudu vya madini vilivyomo vilipigwa miale na kugeuka kuwa vyenye miale vyenyewe. Fosforasi-32, kwa mfano.

Mto Columbia ni mkubwa, kipimo cha maji kilikuwa kidogo. Lakini fosforasi ni kitu ambacho kila kiumbe cha majini kinakilia. Mwani ukainyonya. Wadudu wakala mwani. Samaki wakala wadudu. Bata wakala hayo yote. Watafiti walipopima kiini cha mayai ya bata na mabata bukini wa mtoni, waliikuta fosforasi hiyo ikiwa imejikusanya kwa wastani mara 200,000 kuliko ilivyokuwa majini. Bahati yao moja: fosforasi-32 hupungua nusu kila siku 14, kwa hivyo vinu vile vilipozimwa, cha mwisho kikiwa 1971, ilipotea upesi. Sesiamu na strontiamu hazina huruma hiyo.

Kwa strontiamu, mfano ninaoupenda (kama neno ni kupenda) ni wa ziwa dogo Canada liitwalo Perch Lake, karibu na kituo cha utafiti wa nyuklia cha Chalk River. Maji machafu kidogo yalikuwa yakipenya ardhini hadi ziwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wakaamua kupima kila kitu, si maji tu. Tuseme maji yana 1. Matope ya chini yakawa na 200 hivi. Mimea ya majini, 300. Nyama ya kome, 750. Samaki wadogo, 1,000. Halafu samaki mla-wenzake, mwenye mistari: nyama yake 5 tu, mifupa yake 3,000. Kuna mnyama mdogo kama panya anayeishi majini humo na kula mimea. Mifupa yake ilikaribia 4,000.

Rudi uisome tena hiyo ya samaki. Nyama 5, mifupa 3,000. Samaki mmoja.

Mimi nilipofika hapo niliacha simu nikamfikiria mama na gorogoro yake. Kwa sababu mbuta unamla minofu, mifupa unampa paka. Ngege vilevile, ukiwa na subira. Lakini omena? Omena unamla kichwa, macho, mifupa, mkia. Ndiyo sababu daktari anamwambia mama mjamzito amle, kwa ajili ya kalsiamu. Samaki mdogo anayeliwa mzima ndiye anayeleta mezani kila kilichowekwa kwenye mfupa. Na omena huanikwa. Ukimkausha, maji yanatoka ila madini yanabaki, kwa hivyo kilo moja ya omena mkavu ina mkusanyiko mkubwa kuliko kilo moja ya omena aliyetoka wavuni.

Na kabla hujauliza: hapana, moto hauui. Sesiamu iliyokaangwa ni sesiamu. Ukichemsha samaki na kumwaga supu, sehemu ya sesiamu inaondoka na supu kwa sababu inayeyuka kama chumvi. Lakini nani kwetu anamwaga supu ya samaki?

<b>Mimea ndiyo mlango</b>

Watu wanaruka moja kwa moja kwa samaki, na mimi nilifanya hivyo, lakini mlango wenyewe ni mimea. Uchafu unapoanguka ziwani, mwani ndio unaoushika kwanza. Ni viumbe vidogo, na ukivijumlisha vina ngozi pana mno, na atomu hunata juu yake ndani ya saa chache tu. Mimea yenye mizizi inafuata, inanyonya kutoka majini kwa majani na kutoka matopeni kwa mizizi. Mwaka ukiisha inaoza, inazama, inarudisha kila kitu kwenye matope, na mchezo unaanza tena.

Kuna waliojaribu kutumia tabia hiyo kwa faida. Miaka ya 1990, kwenye kidimbwi karibu na Chernobyl, watafiti walipanda alizeti juu ya maboya, mizizi ikining'inia majini. Na mizizi ikafanya kazi: sesiamu ilibaki mizizini, strontiamu ikapanda juu kwenye shina na majani. Picha za maua ya manjano yakielea zilizunguka dunia. Kisichopigwa picha ni lile swali la baadaye: ukishavuna hizo alizeti unazipeleka wapi? Si kuni hizo, si chakula cha ng'ombe. Umeondoa uchafu majini, sasa una uchafu wenye shina.

Halafu kuna matope yenyewe. Udongo wa mfinyanzi unaikamata sesiamu na kuifungia, kabisa, kama mtu aliyefungwa bila dhamana. Udongo wa mboji, ule mweusi wa majani yaliyooza, hauna pingu hizo. Ndiyo maana kule Bryansk, Urusi, kilomita 250 hivi kutoka Chernobyl, Ziwa Kozhanovskoye liliendelea kutoa samaki wenye maelfu ya bekereli kwa kilo hata miaka kumi baada ya ajali. Ziwa limezungukwa na mboji, maji yake hayatiririki kwenda popote, na kila kinachotolewa na matope kinarudi kwa samaki. Mto husafisha, angalau unapeleka shida kwa jirani. Ziwa lililofungwa linakaa na deni lake.

Tena deni halidaiwi siku moja. Baada ya Chernobyl, samaki wanaokula mwani na vijidudu walifikia kilele kwanza. Wale wakubwa wanaokula wenzao walichukua mwaka mmoja au zaidi baada ya hapo, kwa sababu ilibidi sesiamu ipande ngazi ya ulaji hatua kwa hatua. Na kwa kawaida samaki mkubwa akawa nayo nyingi kuliko mdogo. Kwa hivyo ukienda ziwani mwezi mmoja baada ya ajali, ukapima samaki mkubwa, ukapanda jukwaani kutangaza kwamba mambo ni shwari, hujadanganya. Umewahi tu.

<b>Bahari si ziwa</b>

Nilijiuliza pia: kama Uyombo wangekubali, mambo yangekuwa tofauti? Kwa upande wa samaki, ndiyo, na Japan ndio ushahidi. Lita ya maji ya bahari ina karibu miligramu 400 za potasiamu, stejini kumejaa muda wote. Tena samaki wa bahari ana tatizo kinyume cha yule wa ziwa: chumvi imemzidi, kutwa nzima anaitoa. Sesiamu inaingia na kutoka.

Kinu cha Fukushima kilipoharibika Machi 2011 baada ya tetemeko na tsunami, uchafu mwingi uliingia baharini, na samaki wa pwani wakapanda vipimo vibaya sana. Lakini wengi wao walishuka miaka iliyofuata. Bara, hadithi ilikuwa nyingine. Japan ilikaza kikomo chake hadi bekereli 100 kwa kilo kuanzia Aprili 2012, na mwezi uliotangulia tu, trauti mmoja wa mtoni huko Iitate alikuwa amepimwa akapatikana na bekereli 18,700. Kwenye ziwa la mlimani liitwalo Onuma, Mlima Akagi, zaidi ya kilomita 150 kutoka kinu, kuna samaki wadogo ambao watu huwavua kwa kutoboa barafu, kisha huwakaanga wazima wazima. Ndiyo, omena wao. Vipimo vilipita kikomo, na kwa muda wavuvi wakaruhusiwa kuvua kwa kujiburudisha tu, samaki wasiliwe. Ziwa Chuzenji nalo, vivyo hivyo: shika trauti, mtazame, mrudishe.

Fikiria kumwambia hivyo mvuvi wa Lwanda Kotieno.

<b>Wale ambao hawakuambiwa</b>

Lakini Japan na Sweden angalau waliambiwa. Kisa ambacho kimenikaa rohoni ni cha mto Techa, kusini mwa Milima ya Ural, Urusi.

Kati ya 1949 na 1956, kiwanda cha siri kiitwacho Mayak, kilichokuwa kikitengeneza plutoniamu ya bomu la Kisovieti, kilimwaga mtoni maji machafu yapatayo mita za ujazo milioni 76. Mto huo ulikuwa na vijiji karibu 40 kando yake. Watu walikunywa hayo maji, wakanywesha ng'ombe, wakamwagilia viazi, wakaogelea, wakavua. Serikali ilipoona vipimo, ikazungushia mto seng'enge na kuweka askari. Sababu haikutajwa, maana kiwanda chenyewe kilikuwa hakipo kwenye ramani. Watu wapatao 7,500 wakahamishwa vijiji kimoja baada ya kingine, wengi bila kuelezwa. Wengine, kama wale wa Muslyumovo, wakaachwa hapo hapo kwa miongo mingi. Habari rasmi zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka ule mto ulianza kuchafuliwa alikuwa ana karibu miaka 40 alipoelezwa.

Maji ya kunywa na maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mzigo, samaki wakaongeza yao. Na unajua madaktari walivyojua strontiamu imeingia kiasi gani? Kuanzia 1960 waliwapima watu kwenye meno ya mbele. Waliokuwa na nyingi zaidi hawakuwa wazee. Walikuwa wale waliokuwa watoto na vijana wakati wa umwagaji, maana mifupa yao ndiyo iliyokuwa inakua, inaililia kalsiamu, inapokea chochote. Tafiti zilizowafuata watu wa Techa kwa miaka zimeonyesha ongezeko la saratani ya damu na saratani nyinginezo.

Mwili wa kijana wa miaka 14 kule Techa ulifanya kitu kile kile ambacho samaki wa Perch Lake alifanya. Makanga ni yule yule.

<b>Nikarudi kibandani</b>

Sasa tusiogopane ovyo. Vinu vya siku hizi havipitishi maji ya mto kwenye kinu na kuyamwaga kama Hanford. Maji yanayogusa moto wa nyuklia huzunguka kwenye mabomba yake yaliyofungwa. Kinu kikienda sawa, kinachotoka ni kidogo sana. Tena miale si kitu kigeni mwilini: ndizi moja ina bekereli 15 hivi za potasiamu ya asili, na wewe unayesoma una maelfu kadhaa, bila kumkosea mtu. Kuna pia hili: samaki wa maji yenye joto huitoa sesiamu upesi kuliko yule wa maji ya baridi kali, kwa hivyo ziwa letu si Sweden.

Lakini ziwa letu si bahari pia. Mto mmoja tu ndio unaotoka, Nile, kule Jinja. Na Ghuba ya Winam, ambayo Rarieda imekaa mdomoni pake, ni kina kifupi, na inabadilishana maji na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba. Gugu maji limetanda, na tayari linajulikana kwa kunyonya metali majini.

Belarus walijaribu dawa. Kuna ziwa dogo liitwalo Svyatoe, ambapo mwaka wa 1998 watafiti walimwaga chumvi ya potasiamu juu ya barafu, wakaiacha iyeyuke na kuzama. Kujaza stejini abiria halali, yaani. Ikafanya kazi: katika mwaka wa kwanza sesiamu ya samaki ilishuka hadi karibu asilimia 40 ya ilivyokuwa. Ila potasiamu hiyo hiyo ikafukuza sesiamu iliyokuwa imelala kwenye matope, na kiwango cha majini kikapanda mara mbili hadi tatu. Samaki safi zaidi, maji machafu zaidi. Na hicho ni kiziwa. Victoria ina karibu kilomita mraba 68,000. Huwezi kulitia chumvi kama mchuzi.

Wiki iliyopita nikarudi kwa mama na simu yangu yenye maandishi, nikamwambia nilikosea. Nikamweleza makanga, nikamweleza mifupa, nikamweleza wale vijana wa meno. Alisikiliza akiendelea kupara samaki. Alipofika kwa ule mto, akasimamisha kisu.

"Kwa hivyo maji wakipima, watasema iko sawa."

"Huenda yakawa sawa kweli, mathe. Ndiyo maana lazima wapime samaki, na matope, na yale magugu. Na omena mzima, si minofu tu. Tena waanze sasa, kabla hata ya kuchimba msingi, ndiyo tujue ilikuwa ngapi."

"Wameshapima?"

Nikamwambia hilo ni swali la kuuliza wakija kwenye baraza. Akapangusa mkono kwa leso, akanipa simu yake, ile ndogo ya vibonye. "Mwandikie ndugu yangu hapo. Andika kwa Kiswahili rahisi, si ile yako ya gazeti. Mwambie aulize mifupa."

Nikaandika. Meseji tatu, kwa sababu moja haikutosha. Akazisoma zote pole pole, akabadilisha neno moja, akatuma.